Akizamia wetu mjanja, akipita Mhabeshi haramu!

Kaa kidogo kijiweni Buigiri, pale barabara kuu ya Dodoma na Morogoro inapokatiza, uwaangalie vijana na simu zao. Ikirushwa picha ya Wahabeshi waliokamatwa kwenye lori, wamekalishwa chini, vichwa wameinamisha, maoni yanamiminika kama mvua (ile ambayo Ugogo huisikia kwa majirani). "Warudishwe kwao!" "Kwani huku wanatafuta nini?" Mwingine anabandika vikatuni vya kucheka.

Kucheka? Msomaji, hebu tusogee wilaya jirani ya Kongwa. Juni 2012, katika pori la Chitego, ilikutwa miili ya Waethiopia zaidi ya 40. Walisafirishwa wamefungiwa ndani ya lori, hewa ikawaishia. Maiti zikatupwa porini, na wenzao waliokuwa bado wanahema wakaachwa hapo hapo. Walikuwa wanakwenda Malawi, na kwa wengi wa aina yao mwisho wa safari ni Sauzi.

Sauzi hiyo hiyo! Mwaka 1964 wapigania uhuru wa ANC walipewa kambi Kongwa, kwenye eneo ambalo Mwingereza alishindwa kilimo chake cha karanga. Hawakuwa watalii wale. Walitoroka kwao, na wengi walivuka mipaka kwa kificho. Wakapewa pa kulala. Halafu Mei 2008, ndani ya Sauzi iliyokombolewa, wageni wakafukuzwa mitaani, wengine wakachomwa moto. Watu 62 walikufa, na baadhi yao walikuwa wenyeji waliodhaniwa wageni. Hapo Wabongo tulilia sana: unyama gani huu!

Ukweli ni kwamba na sisi tunazamia, tena tumeanza zamani. Miaka ya tisini kijana wa Dar aliyejificha kwenye meli mpaka akatokea Ulaya aliitwa mjanja, na akirudi na jinzi mbili tatu mtaa mzima ulikwenda kumwamkia. Hakuna aliyemwita haramu.

Sisemi mipaka iachwe wazi, sheria ni sheria. Ila pale kijiweni nilimuuliza mshikaji mmoja aliyekuwa ameandika "warudishwe" kaka yake siku hizi yuko wapi.

"Durban, anauza viatu."

"Ana kibali?"

Akacheka, akatia simu mfukoni, akaagiza chai nyingine.