Diski Mpya kwa Kompyuta ya Nyumbani: Tuchagueje?

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la nyumba nyingi za Panda, ile komini ya viwanda katika mji wa Likasi, si karatasi tena. Limo ndani ya kompyuta. Humo mna picha za ubatizo na za ndoa, matokeo ya shule ya watoto, hesabu za duka dogo la mama, na nakala za hati za baba aliyefanya kazi Gécamines. Katika miaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo waliondoka kazini katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Waliokuwamo wajua thamani ya karatasi moja ndogo yenye tarehe na muhuri.

Basi kompyuta ya nyumbani ikianza kuwa nzito, ikachukua dakika nyingi kabla ya kufunguka, fundi husema: “Ibadilishieni diski, mtie SSD.” Kwa kawaida shauri hilo ni jema. Lakini SSD ni za namna nyingi, na fedha za familia ni chache. Yafaa wazazi wajue kitu wanachonunua, wasije wakalipia sifa wasizozihitaji na kukosa kile wanachokihitaji.

Sahani izungukayo, na kitu kisichozunguka

Diski ya zamani ina sahani ngumu zizungukazo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya sahani hupita kichwa kidogo cha kusomea, karibu mno, pasipo kuigusa. Maandishi hukaa katika utando mwembamba wa madini yenye sumaku, na katika madini hayo imo kobalti. Watu wa Panda hawahitaji kuelezwa kobalti ni nini. Hapa palikuwa na tanuru za umeme za kuyeyushia madini yake, na kwa jirani yetu Shituru kiwanda cha kusafisha shaba kwa umeme kilianza kazi mwaka 1929.

Diski ya kwanza ya namna hiyo ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, na ukubwa wake ulikuwa wa kabati zima, lakini ilishika herufi milioni 5 tu. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo yaweza kuijaza.

SSD haina sahani wala kichwa. Ni vipande vya silikoni vyenye vyumba vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni. Kila chumba hufungia chembe za umeme, nazo hubaki humo hata kompyuta ikizimwa. Kumbukumbu ya namna hii ilibuniwa katika miaka ya 1980 na Mjapani Fujio Masuoka, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba. Kwa kuwa hakuna kinachozunguka, SSD haina kelele, hutumia umeme kidogo, na haiogopi sana mitikisiko ya njia. Tena hupata faili mara moja. Diski ya zamani husoma kiasi cha megabaiti 100 kwa sekunde, na mwendo huo hupungua sana inapotafuta faili ndogo ndogo huku na huku. SSD ya kawaida hufika 500. Kompyuta kuukuu ikipewa SSD huamka upesi, hata mwenyewe hudhani amenunua nyingine.

Kwanza, tazama mlango

Wanunuzi wengi hukosea kwa kununua kitu kisichoingia. Kabla ya kwenda sokoni, mwombe fundi aifungue mashine, au mtafute jina na namba yake chini ya kompyuta, mkaulize inapokea diski gani.

Namna ya kwanza ni SATA. Ni kisanduku bapa cha inchi 2.5, chenye unene wa milimita 7, nacho hukaa pale pale palipokaa diski ya zamani. Kompyuta nyingi za mtumba hupokea hiyo. Namna ya pili ni M.2, kibao chembamba chenye upana wa milimita 22, na urefu wake mara nyingi ni milimita 80. Hapo tahadhari: vibao vya M.2 ni vya aina mbili, vingine huongea kwa njia ya SATA, vingine kwa njia ya NVMe, na kwa macho hufanana sana. Tundu la kompyuta laweza kukubali aina moja na kukataa ya pili. Tena kompyuta nyingi za zamani haziwezi kuamka kwa NVMe.

Vijana watasema kwamba NVMe ni ya kasi zaidi. Ni kweli: nyingi hufika megabaiti 3,500 kwa sekunde, na nyingine mpya hufika 7,000. Lakini mtu anayeandika barua, anayesoma masomo na kutazama picha, hataona tofauti kubwa. Kama mashine yenu ina mlango wa SATA, chukueni SATA kwa moyo mtulivu.

Pili, hesabu

Bwana wetu alinena habari za mtu atakaye kujenga mnara, jinsi aketivyo kwanza na kuhesabu gharama. Nasi tuhesabu. Tazameni diski ya sasa imejaa kiasi gani. Nyumba yenye barua, hesabu na masomo hutoshwa na gigabaiti 240 au 256. Yenye picha nyingi na video za sherehe itahitaji 480 au 512. Acheni nafasi tupu kidogo, sehemu moja katika kumi au zaidi, kwa maana SSD iliyojaa pomoni hupunguza mwendo.

Wengine huogopa kwamba vyumba vya SSD huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi. Huchakaa kweli, lakini polepole. Kingston A400 ya gigabaiti 480, kwa mfano, imepewa na watengenezaji wake kiasi cha terabaiti 160 za maandishi. Familia ikiandika gigabaiti 20 kila siku, ambazo ni nyingi sana kwa nyumba, itachukua karibu miaka 22 kufikia kiasi hicho. Ulizeni pia kama kila chumba hutiwa biti 3 au 4. Diski ya biti 4 huwa na bei nafuu, lakini huchakaa mapema zaidi, na hulegea inapoandika vitu vingi kwa mfululizo.

Tatu, rahisi ghali

Ukionyeshwa diski ya terabaiti 2 kwa bei ndogo kupita zote, jihadhari. Ziko diski za udanganyifu: ndani mna kadi ndogo ya kumbukumbu, nayo imefundishwa kusema uwongo juu ya ukubwa wake. Hupokea picha zako zote pasipo malalamiko, kumbe za mwisho zimefuta za kwanza. Kwa hiyo nunua jina linalojulikana, kwa mwuza anayetoa risiti na dhamana ya miaka 3 au 5. Kabla ya kuitumia, ijaze yote na kuisoma tena kwa programu ya majaribio kama H2testw au F3. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, lakini ni afadhali kuliko machozi.

Diski haijilindi yenyewe

Sasa neno lililo kubwa kupita yote. Mitambo ya Mwadingusha katika mto Lufira ilianza kuzunguka mwaka 1930, na umeme wake ulilisha viwanda vyetu. Hata hivyo nyumbani taa huzimika bila taarifa. Umeme ukikatika wakati SSD inaandika, faili zaweza kuharibika. Kompyuta ya kubeba husaidiwa na betri yake, ikiwa ingali nzima. Ile ya mezani yafaa ipewe kisanduku cha betri cha kushika umeme kwa dakika chache, ili izimwe kwa utaratibu.

Diski ya zamani, kabla ya kufa, mara nyingi hugonga na kulalamika. SSD yaweza kufa ghafula, asubuhi moja, kimya. Na ukifuta picha kwa bahati mbaya, fundi hatairudisha kwa urahisi kama zamani, kwa sababu SSD husafisha vyumba vilivyoachwa wazi. Wala haifai kufungiwa kabatini miaka mingi bila umeme, kwa maana chembe zilizofungiwa hutoroka kidogo kidogo.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, fedha zikitosha diski moja kubwa tu, msiinunue. Nunueni SSD ndogo ya kutosha, na kwa fedha zitakazobaki mpate diski ya pili ya nje, hata ikiwa ya zamani izungukayo, mradi ni nzima. Hiyo iwe ya nakala tu. Kila mwisho wa mwezi mtoto mmoja mwaminifu apewe kazi ya kunakili yaliyo mapya, kisha diski hiyo ichomolewe na kutunzwa kwa bibi au kwa mjomba, isikae nyumba moja na kompyuta. Mwizi akija, au moto, au mvua ikipita darini, daftari la familia litakuwa salama mahali pengine. Nazo karatasi zenyewe zenye muhuri zihifadhiwe vile vile. Nakala husaidia kumbukumbu, lakini ofisini mtaulizwa hati yenyewe.