MAJINA YETU MDOMONI MWA TARAKILISHI

Chukulia kwamba shule imeweka majina na karo za wanafunzi wote ndani ya hifadhidata. Kila muhula karani hutakiwa kutoa orodha ya wenye deni. Akiuliza kwa mkono kila mara atachoka, basi huandika amri zake mara moja tu katika faili na kuikabidhi sheli. Sheli hii si ile ya kuuzia petroli, la hasha! Ni programu inayopokea amri na kuzitekeleza moja baada ya nyingine, na faili lenyewe huitwa skripti. Sheli ya Bourne ilitoka mwaka wa 1979 pamoja na toleo la 7 la Unix, na tabia zake nyingi zingalipo katika bash ya leo.

Hifadhidata nayo ina lugha yake, SQL. Swali la karani ni fupi:

SELECT jina FROM wanafunzi WHERE deni > 0;

Hapo hakuna taabu. Taabu huanza jibu likirudi kwa sheli. Hifadhidata inajua kwamba jina ni kitu kimoja hata likiwa na maneno matatu. Sheli haijui hayo. Kwake jibu ni maandishi tu, na penye nafasi hukata. Karani akilipitisha jibu katika kitanzi cha for, jina kama Ali bin Said litatoka vipande vitatu: Ali, kisha bin, kisha Said. Sasa fikiria kuna Ali mwingine, mtoto wa watu aliyelipa karo hadi senti ya mwisho. Orodha ikisomwa paredi, ni nani atakayebeba sanduku kwenda nyumbani? Na huyo bin atafutwe bweni gani?

Dawa ni kusoma jibu mstari kwa mstari. Programu ya SQLite hutenga safuwima kwa kistari cha wima, hivyo karani huandika:

sqlite3 shule.db "SELECT nambari, jina, deni FROM wanafunzi WHERE deni > 0" |
while IFS='|' read -r nambari jina deni; do
echo "$nambari: $jina, sh. $deni"
done

IFS ndiyo inayoiambia sheli pa kukatia. Sasa Ali bin Said atabaki mzima.

Mtego wa pili unatuhusu hasa sisi wapenzi wa lugha. Sauti ya ng', ile ya ng'ombe na king'ora, huandikwa kwa ritifaa. Kumbe katika SQL alama hiyohiyo hufungua na kufunga maandishi! Skripti ikichukua jina Ng'ang'a na kuuliza deni lake kwa jina hilo, SQL hudhani jina limeishia Ng, kisha inakutana na ang na kulikataa swali zima. Jibu huwa tupu, na skripti iliyoandikwa ovyo huweza kumhesabu mwenye jina hilo kuwa hadaiwi kitu. Unaweza kuandika ritifaa mara mbili, 'Ng''ang''a', na SQL itaelewa. Mimi naona heri kuuliza kwa nambari ya usajili, ambayo haina ritifaa wala wanafunzi wawili hawaishiriki. Jina libaki la kusomwa na watu.

Tena, jibu tupu lina maana mbili: hakuna aliyepatikana, au swali limeharibika. Kila amri ikimaliza huacha nambari katika $?; 0 ni salama, nyingine yoyote kwa sqlite3 ni hitilafu. Lakini amri zikiunganishwa kama hapo juu, bash huripoti ile ya mwisho tu, yaani kitanzi, ambacho kitasema 0 hata sqlite3 ikianguka. Andika set -o pipefail mwanzoni mwa skripti, kisha ukague $? baada ya done, na karani atajua kabla orodha haijabandikwa ubaoni.