Kompyuta Inapokataa Intaneti Safarini

Mwaka jana nilisafiri kutoka Lugoba kwenda Bagamoyo kwa njia ya Msata, nikiwa na kompyuta ndogo ya kubebea. Mtoto wa dada yangu alikuwa akiomba mkopo wa chuo kikuu, na maombi ya Bodi ya Mikopo siku hizi hupelekwa kwa intaneti. Muda wa kuomba ulikuwa unakwisha usiku ule ule.

Tulipofika nyumba ya wageni, kompyuta ikashika waifai vizuri, lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Nikaulaumu mtandao. Nikabadili chumba. Nikanunua kifurushi kipya cha simu, nacho hakikufaa kitu. Saa nne usiku ndipo nilipoitazama saa ya kompyuta: ilionyesha mwaka 2015! Nikasahihisha tarehe, na mara kurasa zikafunguka.

Sababu yake ni hii. Tovuti huonyesha kompyuta yako hati ya usalama yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Saa ikipotea, kompyuta huiona hati njema kuwa batili, ikakataa kuingia. Mashine yangu ni kuukuu, na betri yake ndogo kama sarafu, inayotunza saa, ilikuwa imekufa.

Basi, kabla ya kutoa fedha au kukata tamaa, fanya kama mtu atafutaye mahali bomba lilipopasuka: anzia kwako, kisha uende mbali kidogo kidogo.

Kwanza, shika simu yako uijaribu kwa waifai ile ile. Simu ikipata na kompyuta ikakosa, ugonjwa umo ndani ya kompyuta. Tazama kama alama ya ndege imewashwa, maana hiyo huzima mawimbi yote. Tazama saa na tarehe. Kisha uzime mashine na kuiwasha tena.

Pili, sogea. Mawimbi ya waifai huchoka upesi yakutanapo na kuta nene, kama zile za mawe katika nyumba za kale za Bagamoyo. Ukitumia intaneti ya simu yako na kompyuta kuukuu isiione, ingia katika mipangilio ya simu uchague mawimbi ya gigahezi 2.4 badala ya 5. Hayo hupenya ukuta vizuri zaidi, na mashine za zamani huyafahamu.

Tatu, angalia mlango. Neno la siri hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Tena hoteli nyingine hutaka ujaze kwanza ukurasa wa kuingilia. Usipoujaza, utaona umeunganishwa lakini hupati kitu.

Nne, tazama salio la kifurushi. Kompyuta huweza kujipakulia programu mpya kimya kimya na kukimaliza. Iambie katika mipangilio yake kwamba intaneti hii ni ya kupimwa, nayo itajizuia.

Tano, kama simu na kompyuta zote zimekosa, na majirani nao wanalalamika, kosa si lako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku kama hiyo hata fundi hodari hana dawa. Kazi yako ni kungoja.

Mpwa wangu alipeleka maombi yake saa tano kasorobo. Fikiri, baba na mama: kijana angaliweza kupoteza mwaka mzima kwa ajili ya betri ndogo kama sarafu, na kwa ajili ya mjomba aliyelaumu wengine kabla ya kutazama mashine yake mwenyewe. Mwanao akisafiri kwa kazi ya namna hii, mwambie mambo mawili: atazame saa ya kompyuta kabla ya kupanda basi, wala asingoje usiku wa mwisho kama nilivyongoja mimi.