Kushusha paa la kempa: turubai liingie ndani, lisitoke nje

Leo tuache siasa na mpira kidogo, tuongee kazi. Wengi wetu tumemaliza fomu foo, vyeti viko kabatini, na hapa Arusha kibarua kinachopatikana haraka haraka ni kuosha na kuandaa magari ya wageni. Sasa humo kuna kitu kimoja kinakata watu mishahara na wengi hawajawahi kuelezwa. Ni kushusha paa la kempa.

Kempa ni gari la kulala. Mbele unaendesha kama Hiace, nyuma kuna kitanda, jiko na kabati. Wajerumani ni wa zamani sana kwenye hii fani, kampuni ya Westfalia ilianza kugeuza kibasi cha Volkswagen kuwa chumba tangu 1951. Baadaye yakaja mapaa ya kunyanyuka: unasukuma paa juu, pembeni turubai linajifungua kama ukuta wa hema, unapata nafasi ya kusimama na kitanda kingine huko juu. Kuna wageni wanasafiri nayo Afrika nzima, wanaingia Namanga, wanapita hapa, wanatokea Tunduma kwenda Zambia. Msichanganye na zile gari za mbugani ambazo paa linanyanyuka ili watu wasimame kutazama tembo, nyingi ya hizo hazina turubai.

Kunyanyua sio ishu, hata mtoto anaweza. Kazi ipo kwenye kushusha.

Fikiria hivi: paa likishuka, kile kitambaa lazima kiende mahali. Ni ndani au nje, basi. Kikiingia ndani kinalala juu ya kitanda, hakuna neno. Kikitoka nje kinabanwa kati ya paa na bodi, na hapo unakaribisha balaa tatu. Moja, kinachanika au kutoboka, hasa kwenye bawaba. Mbili, raba ya kuzuia maji haikai sawa, na kile kipande kilichochungulia nje kinanyonya mvua kama utambi wa taa na kuipeleka mpaka kwenye godoro. Tatu, komeo linaweza lisishike vizuri, na gari likiwa spidi upepo unaingia chini ya paa. Hiyo ya tatu ni hatari kwa walio ndani na kwa wanaokuja nyuma.

Kwa nini kitambaa kinapenda kutoka nje? Jibu ni hewa. Unaposhusha paa unaibana hewa iliyomo ndani. Kama milango na vioo vyote vimefungwa haina pa kutokea, inalisukuma turubai nje kama puto. Watu wanadhani turubai ni bovu, kumbe mlango tu haukufunguliwa!

Haya, utaratibu ndio huu:

1. Toa mito, mablanketi na chochote kilichotuna kule juu. Kitanda kilale bapa.

2. Fungua mlango mmoja au kioo cha dirisha ili hewa itoke. Madirisha ya zipu kwenye turubai fuata kitabu cha gari lenyewe, maana hayafanani.

3. Angalia lastiki. Mengi yana lastiki inayozunguka turubai katikati, kazi yake ni kulivuta ndani. Kama imelegea au imekatika, mikono yako ndiyo lastiki.

4. Shusha nusu, halafu SIMAMA. Zunguka pande zote, vuta kitambaa ndani, kilaze mikunjo mipana. Mkiwa wawili ni bora, mmoja ashike paa, mwingine apange. Vidole viwe mbali na bawaba.

5. Malizia polepole. Likigoma usilikalie wala kuning'inia. Pandisha tena, tafuta kilichokwama.

6. Kabla ya kufunga komeo, toka nje uzunguke gari. Ukiona hata ncha ya kitambaa, rudia.

Kuna Volkswagen California ambazo paa linashushwa kwa kitufe. Usijidanganye, mota haijui kama imebana kitambaa. Macho ni yako.

Na likiwa limelowa je? Mgeni akilala ukingoni mwa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, asubuhi turubai linaweza kuwa chapachapa kwa umande. Safari lazima iendelee, kwa hiyo funga tu. Ila mkifika, siku hiyo hiyo linyanyue likauke kabisa. Ukiliacha limekunjwa na maji linaota kuvu, madoa meusi na harufu, na yale madoa kuyatoa ni shughuli pevu.

Sasa kwa nini nimeandika yote haya? Mshikaji wangu mmoja alikatwa mshahara wa wiki mbili kwa turubai lililochanika, wakati siku anaanza alipewa ufunguo na ndoo tu. Hakuna aliyemwonyesha lolote. Kwangu mimi hiyo sio haki. Huwezi kumdai mtu ufundi ambao hukumfundisha.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukipewa gari la aina hii usione aibu, sema "bosi, naomba unionyeshe kushusha paa mara moja". Halafu kabla hujaligusa, lizunguke na simu yako upige picha turubai lote, na bawaba pia. Siku ya kulirudisha piga tena. Kama tundu lilikuwepo kabla yako, picha itakusemea.

Nyie mliowahi kufanya hizi kazi, mlifundishwa au mlirushiwa ufunguo tu? Na kama kuna fundi anayeshona turubai za hivi, atuambie anatumia uzi gani. Maoni hapo chini, bila matusi wadau.