Kuezua Makuti Hakutoshi

Moto wa Faza, mwaka 2009, uliteketeza mamia ya nyumba za makuti. Basi wengi wakitaja kuboresha makazi huku Lamu, hutaja mabati. Sawa, mabati hayashiki moto. Lakini chumba huwa joto kama tanuri, na moshi wa kuni hubaki ndani vilevile.

Mimi huuliza kwanza habari za maji na choo. Wakati wa ukame wa mwaka 2004, chikungunya iliwapata wakazi wa mji wa Lamu wanaokadiriwa kuwa robo tatu. Mbu wake, mweusi mwenye madoa meupe, huuma mchana na huzaliana katika mitungi na mapipa ya majumbani. Mfereji usipotoka, watu hawana budi kuweka maji. (Wazee walifuga visamaki birikani ili wale viluwiluwi.) Choo cha shimo nacho, katika mchanga wetu, huchafua kisima kilicho karibu.

Nyumba mpya zikipandishwa kodi, kibarua na wanawe watahamia kibanda kingine chenye kisima kama kile. Wapangaji wa zamani wahesabiwe kabla ya kubomoa.

Kwa sasa, funika pipa lako, na kila wiki ulimwage na kulisugua kuta, maana mayai ya mbu hunata hapo.