PUMZISHA NYASI, UPATE MAZIWA



Wazee wetu wa Gusii walikuwa na ebisarate, yaani kambi ambamo vijana walichunga na kulinda ng'ombe mbali na nyumbani. Nyasi ikiisha mahali, ng'ombe walihamishwa, na nyasi ile ikapata nafasi ya kumea tena. Serikali ya kikoloni ilizivunja kambi hizo mwanzoni mwa miaka ya 1910. Leo mashamba ya Kisii na Nyamira yamegawanywa mpaka yakawa vipande. Ng'ombe hana pa kuhamia. Anafungwa kamba kando ya barabara, pale pale kila siku, mpaka udongo unaonekana. Halafu tunalalamika ati maziwa hayatoki.

Tatizo si udogo wa shamba peke yake. Nyasi haipumziki.

Ijue nyasi yako

Nyasi nyingi ya kutambaa tunayoiona kwenye viwanja na kando ya njia huku juu ni kikuyu. Ingawa ina jina hilo, ni nyasi ya asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki na Kati, pamoja na Ethiopia na Kongo. Mwaka 1919 mbegu yake ilipelekwa Australia kutoka Kongo, na leo wafugaji wa kule wanaitegemea kwa ng'ombe wa maziwa. Kumbe sisi tunaikanyaga tu! Majani yake machanga yana protini nyingi. Ikizeeka inakuwa mabua, na ng'ombe anashiba bila kupata nguvu ya kutoa maziwa.

Hesabu majani

Ng'ombe akishakula, nyasi huchipuka kwa akiba ya chakula iliyo katika mashina na mizizi. Ukimrudisha wakati kuna jani moja au mawili tu, unamaliza akiba hiyo na nyasi inadhoofika. Ukingoja yapite matano, jani la chini linaanza kukauka bure.

Basi fanya hivi: shika chipukizi moja, uhesabu majani mapya yaliyofunguka tangu ng'ombe aondoke. Yakifika manne, na la tano limeanza kutokea, mrudishe. Wakati wa mvua mara nyingi hiyo ni kama wiki tatu. Januari na Februari kukiwa kavu ni zaidi. Usifuate kalenda, fuata majani. Mwondoe nyasi ikibaki urefu wa vidole vitatu vilivyolazwa, kama sentimita 5.

Mpango wa kigingi

Kamba ya mita 5 humpa ng'ombe duara la mita za mraba 78 hivi. Piga vigingi 20, kila kimoja mita 10 kutoka kwa kingine. Hiyo ni karibu nusu ekari. Kila siku mhamishe kigingi kimoja. Akimaliza cha 20, kagua majani kwenye cha kwanza kabla ya kumrudisha. Kama bado hayajafika manne, mlishe zizini kwanza.

Tuseme ukweli: nusu ekari haimtoshi. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 60 za nyasi mbichi kwa siku. Lazima umkatie napia, majani ya viazi vitamu au mabua ya mahindi, na umpe maji ya kutosha.

Mambo ya kuangalia

1. Mbolea. Tawanya samadi baada ya ng'ombe kuondoka. Kikuyu bila mbolea inakuwa ya manjano na fupi.

2. Klova nyeupe ya Kenya. Inamea vizuri pamoja na kikuyu na kuongeza rutuba. Lakini usimwingize ng'ombe mwenye njaa kwenye klova nyingi yenye umande. Anaweza kuvimba tumbo akafa.

3. Chumvi. Kikuyu ina chumvi kidogo sana. Weka chumvi ya ng'ombe ailambe.

4. Viwavijeshi. Huko Australia, New Zealand na Afrika Kusini, ng'ombe wamekufa kwa kula kikuyu, mara nyingi baada ya viwavi kuishambulia. Ukiviona, mtoe ng'ombe hapo mara moja na umwite daktari wa mifugo kabla ya kumrudisha.

5. Kupe. Kuhamisha ng'ombe hakuui kupe wa ndigana. Endelea kuogesha.

Kazi ya kikundi

Kupiga vigingi na kubeba samadi ni kazi ngumu kwa mama mmoja. Kwa risaga, kazi hiyo inaweza kwisha asubuhi moja kwa kila boma. Anzeni na boma moja. Pimeni maziwa kila siku kabla ya kuanza, kisha muendelee kupima na kuandika kwa miezi miwili. Daftari ndilo litakalowaambia wengine kama inafaa.

Maswali ya kujadili kikundini

- Ng'ombe wetu hurudi mahali pale pale baada ya siku ngapi?
- Ni nani kati yetu ataanza, na tutamsaidia siku gani?
- Kiwanja gani cha pamoja kina kikuyu isiyotunzwa, na tumwombe nani ruhusa?