Usita wa Mui: Njia Kuu ya Lamu Inatembewa Mos Mos

Mi ni mtoi wa Eastlando, Nairobi. Kwetu njia ni kitu ya kupita mbio. Tao unatembea mkono ukiwa juu ya mfuko, Gikosh unatembea ukipiga bei, steji unakimbilia mat kabla kanyua kaanze na nauli ipande. Nimeishi hivyo maisha yangu yote. Ndo maana siku ya kwanza nilishuka kwa mashua pale Lamu na kuingia ndani ya mji, miguu zilikataa kuamini. Njia ilikuwa nyembamba hadi punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja lazima angoje. Hakuna honi. Hakuna konda. Kuna adhana, kuna watoi wanatoka madrasa, kuna harufu ya udi na samaki wa kukaangwa.

Kwa ramani hiyo njia inaitwa Harambee Avenue. Wenyeji wako na jina lao: Usita wa Mui. Usita ni barabara, na mui ndo mji. Kiamu, Kiswahili cha Lamu, kinaachilia ile j kwa maneno mob: jiwe ni iwe, mji ni mui. Njoo nayo ni ndoo, njia ni ndia. Vile nilielezwa hivyo, kitu iliingia kwa roho. Sisi tunasema Tao, wao wanasema Mui. Sisi tumesomewa tangu daro ya kwanza ati tunaharibu Kiswahili, kumbe Kiswahili chenyewe kimekuwanga na mitaa tangu kitambo, na kila mtaa na ladha yake.

Kufika

Rada ni hii. Ukitoka Mombasa, basi linapita Malindi, Garsen na Witu, halafu linakuachilia Mokowe. Hapo ndo gari zinaishia. Unaruka kwa boti, unavuka maji, na mji unakuja ukikucheki usoni: kuta nyeupe, minara, majahazi yamefunga. Wenye wako na chapaa ya ndege wanashuka kisiwa cha Manda, na wao pia lazima wavuke na boti. Hakuna mdosi anaingia Lamu na V8 yake. Wote tunaingia kwa mguu, na hiyo peke yake inakushusha mabega.

Anza Mkunguni, ule uwanja mbele ya ngome, penye wazee wanakaa kivulini kwa miti wakicheza bao na kubonga. Ngome yenyewe ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya vita ya Shela, kijiji cha hapo hapo kisiwani, na Sultani wa Oman, Seyyid Said, alisaidia. Wakati huo ilikuwa imesimama mdomoni mwa bahari. Watu walijaza ufuo miaka nenda rudi, na maji yakasukumwa mbele. Kuanzia 1910 Mwingereza akaifanya jela, na jela ikabaki hapo hadi 1984. Leo milango iko wazi, ni makumbusho, na sherehe za mji zinapigwa uani penye wasee walikuwa wanafungiwa. Nilisimama hapo kitambo nikiguza ukuta. Hiyo ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na bado imesimama.

Ukiendelea na Usita utapata nyumba ndogo yenye ilikuwa posta ya Wajerumani. Walifungua 1888, wakafunga 1891. Miaka michache tu, halafu wakaishia, ju Waingereza na Wajerumani walikuwa wamegawana hii pwani. Posta iliisha, njia ikabaki. UNESCO waliweka huu mji kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, wakisema ndo mji wa Kiswahili wa zamani zaidi na uliotunzwa vizuri zaidi Afrika Mashariki. Lakini usiende ukidhani unaenda kuona mabaki. Hapa watu wanalala, wanaoa, wanazika, wanauza nyanya.

Kushopi

Hapa ndo nataka tubonge vizuri. Wasee wengi wanaenda Lamu, wanapiga picha na mlango wa kuchongwa, wanarudi na simu imejaa na mafundi hawajaona hata finje. Manze, hapana. Huo mlango una mtu aliuchonga. Ule mti wa katikati, penye mbao mbili zinakutana, unaitwa mfaa, na fundi mzuri anaweka maua na minyororo hapo kwa patasi, kitu moja baada ya ingine. Karakana ziko kando ya njia, na unaweza kusimama mlangoni ucheki. Mlango hauingii kwa begi, sawa. Lakini kuna kasha dogo, fremu ya kioo, kibao cha kuchongwa jina.

Mi nilienda na njaa ya kofia. Si zile za kutoka mashini, ile ya mkono, yenye vishimo vidogo vidogo vimezungushiwa uzi. Niliingia duka moja, mzee akanikaribisha: "Ndoo, mwanangu, keti." Nikachagua moja nyeupe, nikauliza bei, halafu nikafanya vile tumezoea Gikosh: nikakata bei katikati. Hakukasirika. Aligeuza kofia ndani nje, akaniwekea mkononi, akaniambia nitafute pahali uzi umekosea.

Nilitafuta. Sikupata.

Akanieleza imeshonwa na mama mmoja nyumbani, usiku baada ya kazi, karibu miezi mitatu. Nikapiga hesabu kichwani: bei yenye nilikuwa nimetaja, gawanya na miezi mitatu. Ilikuwa doh ya chai. Nikamwambia, "Nisamehe, mzee wangu," nikalipa. Alipunguza bei kidogo mwenyewe bila kuombwa. Tangu hiyo siku swali langu la kwanza si "mwisho ngapi?" Nauliza "imetengenezwa na nani?", na bei inakuja baadaye ikiwa na sura ya mtu.

Uliza hivyo hivyo kwa kila kitu. Makubadhi ya ngozi, wenyewe watakuambia habari za Siyu kule kisiwa cha Pate, penye kazi ya ngozi ni ya vizazi. Mikeka, uliza Matondoni, kijiji chenye pia kinaunda majahazi. Pete za fedha, kuna masonara wanatia ndani vipande vya sahani za zamani, zile kauri za Uchina zilikuja na biashara ya bahari. Unavaa kidoleni kipande cha safari ya watu wengine.

Dishi

Kumanga si shida. Asubuhi, mahamri na mbaazi. Uliza mkate wa mofa, ule wa nafaka wenye unapikwa kwa tanuri ya udongo. Mchana, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Jioni mishkaki na viazi karai zinatoka kando ya njia, na juisi ya ukwaju inakata kiu vizuri. Maliza na kahawa chungu na kipande cha halua, ukiwa umekaa. Usitembee ukikula. Keti barazani, bonga na watu.

Msimu

Lamu ina saa zake za kuwaka. Novemba, kwa kawaida, ndo tamasha la utamaduni. Kuna mbio za punda ufukweni, vijana wadogo wamekaa juu bila tandiko, mji mzima unapiga kelele. Kuna mashindano ya majahazi, kuogelea, bao, hina na mashairi. Upepo wa kaskazi ndo unaanza kuingia, ule wenye ulikuwa unaleta majahazi kutoka Uarabuni.

Lakini yenye ilinishika ni Maulidi. Inafanywa mwezi wa Mfungo Sita, na ju kalenda ya Kiislamu inafuata mwezi, kila mwaka inarudi nyuma karibu siku 11, kwa hivyo uliza tarehe kabla upange. Watu wanakuja kutoka pwani yote, na wengine kutoka mbali zaidi. Kitovu ni msikiti wa Riyadha, upande wa Langoni. Ulianzishwa na Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Komoro, karibu mwaka 1900. Huyo mwalimu alifundisha watu wenye wakubwa wa mji walikuwa wamewafungia nje ya elimu: maskini, watumwa na watoto wa watumwa. Akaacha matari yaingie kwa sifa za Mtume, ingawa kuna wenye walipinga. Leo zefe, yale maandamano ya Maulidi, ikipita, matari yakipigwa, safu za vijana kwa kanzu wakiyumba pamoja, hiyo sauti inaingia kifuani. Mi natoka mtaa wenye watu wanatucheki na kuamua hatuwezi. Nilisimama kando ya ukuta nikasikia machozi, na sikuyaficha.

Sasa adabu, ju bila hiyo haujafika. Maulidi ni ibada kwanza. Funika mabega na magoti. Ukitaka kupiga mtu picha, omba, haswa wamama. Huku hakuna "buda" wala "mathe" kwa mtu hujui. Toa salamu, sema mzee wangu, sema mama. Punda akija na mizigo, jibane ukutani, ako kazini kuliko wewe. Na ukikuta mmoja ameumia, kuna hospitali yao hapo hapo ufukweni, yenye imekuwa ikiwatibu tangu miaka ya themanini.

Nilirudi Nairobi na kofia moja, makubadhi, na mfuko umeisha. Nikaita mbogi, nikawapea kofia, nikawaambia watafute penye uzi umekosea. Ilizunguka kwa mikono sita. Hiyo jioni tukafungua daftari. Kila Ijumaa kila mtu anatupa rwabe, hadi Mfungo Sita ijayo. Doh ya nauli iko ukurasa wake, na doh ya mafundi iko ukurasa wake. Tumekubaliana: nauli ikipungua, tutangoja. Ile ya mafundi haiguzwi.